Somo la Takwimu kwa Madaktari Lianzie Chemba

Mwezi Juni mwaka 2016, katika baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua ugonjwa ambao hakuna aliyeweza kuutaja kwa jina. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano, mgonjwa akatapika, miguu ikajaa. Wilaya za Chemba na Kondoa zilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Magonjwa ya ini yaliyozoeleka yalichunguzwa na kuondolewa moja baada ya jingine, hata macho ya wachunguzi yakageukia mahindi. Hesabu ilipofungwa ilionesha wagonjwa 68, na kati yao 20 walikuwa wamefariki. Kilichowaua ni sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vyema.

Namba hizo mbili, 68 na 20, ndizo ninazoanza nazo kila ninapofundisha takwimu kwa wanafunzi wa udaktari. Huziandika ubaoni, kisha huuliza: "Je, ni sahihi kusema kwamba mwaka ule mkazi wa Chemba alikuwa na uwezekano wa asilimia 29 wa kufa kwa sumukuvu?" Nikishauliza hunyamaza, na darasa nalo hunyamaza. Vijana waliofaulu sayansi kwa alama ambazo wengi wetu wa rika langu hatukuzipata huinamia madaftari yao na kusubiri mwalimu ajijibu mwenyewe. Anayejua hasemi kwa kuogopa kuonekana anajidai. Asiyejua hasemi kwa kuogopa kuchekwa. Mwalimu naye, akiwa na mada kumi za kumaliza kabla ya mtihani, hujijibu na kusonga mbele.

Makala hii inahusu ukimya huo. Nitajaribu kuonesha kwamba ukimya wa darasa la takwimu hauishii darasani, bali humfuata daktari mpaka kwenye zahanati na kituo cha afya, na huko una gharama. Nitaonesha pia kwamba tunayo njia ya kuuvunja, na kwamba njia hiyo haihitaji fedha nyingi kama tunavyodhani.

Kwanza nijibu swali la ubaoni. Asilimia 29 si uwezekano wa mkazi wa Chemba. Ishirini gawanya kwa sitini na nane ni sehemu ya waliofariki kati ya wale waliougua na wakatambuliwa. Kwa sensa ya mwaka 2012, wilaya ya Chemba peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 230,000, na mlipuko wenyewe uligusa wilaya kadhaa. Aliyeugua na kufikishwa kwa wahudumu wa afya alikuwa katika hatari kubwa sana. Mkazi wa kawaida alikuwa katika hatari ndogo mno. Kuna na la pili: kama wapo waliougua kidogo wakabaki nyumbani, basi 68 ni pungufu ya wagonjwa wote, na ile asilimia 29 imezidi ukweli. Daktari asiyejiuliza "kati ya wangapi?" anaweza kuitia hofu wilaya nzima bila sababu. Anaweza pia kuituliza mahali alipopaswa kupiga mbiu.

Hesabu iliyopo hapa ni ya kugawanya tu, ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kigumu ni kujua nini kigawanywe kwa nini, na hilo ndilo tusilolifundisha. Sisi hufundisha kanuni, tukazitolea mifano ya miji ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona, katika lugha ambayo hataitumia kuzungumza na mgonjwa, halafu tukampa mtihani unaomtaka akariri. Akifaulu, tunasema amejua takwimu. Miezi sita baadaye hakumbuki hata jina la kanuni.

Nisieleweke kwamba nawalaumu wanafunzi wetu, au kwamba udhaifu huu ni wa Tanzania peke yake. Mwaka 1978 watafiti walitangaza matokeo ya swali walilowauliza watu 60 katika hospitali za kufundishia za Harvard nchini Marekani, wakiwemo madaktari wazoefu, madaktari waliokuwa mafunzoni na wanafunzi wa udaktari. Swali lilikuwa hivi: ugonjwa fulani humpata mtu 1 kati ya 1,000, kipimo chake hukosea kwa watu 5 katika kila 100 wasio na ugonjwa, kikawaonesha kuwa wanao, mtu amepimwa akakutwa nao, je, uwezekano kwamba kweli anaumwa ni upi? Jibu ni takriban 2 kati ya 100. Waliolipata walikuwa 11 tu kati ya wale 60. Jibu lililotolewa na wengi zaidi lilikuwa 95 kati ya 100. Kama Harvard walikwama hapo, mwanafunzi wetu anayekwama hana sababu ya kuona aibu.

Habari njema ni kwamba udhaifu huu hutibika, tena haraka. Mwaka 2007 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, na wenzake walieleza jinsi madaktari 160 wa magonjwa ya wanawake walivyoulizwa swali la namna hiyo kuhusu uchunguzi wa saratani ya matiti. Waliojibu sawasawa walikuwa asilimia 21. Baada ya kufundishwa kuacha asilimia na kuhesabu watu, walifikia asilimia 87. Madaktari walikuwa wale wale na swali lile lile. Kilichobadilika ni namna ya kulitazama.

Tuitazame namna hiyo kwa mfano wa kwetu. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionesha kuwa maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini yalikuwa asilimia 7.3. Lakini wastani huo wa taifa ulificha nchi mbili. Kigoma maambukizi yalikuwa karibu asilimia 24, ilhali Dodoma yalikuwa chini ya asilimia 1. Sasa tuseme tuna kipimo cha haraka kinachowatambua wenye vimelea 90 katika kila 100, na kinachowasingizia 5 katika kila 100 wasio navyo. Namba hizi mbili za kipimo ni zangu, nimeziweka ili hesabu iwe nyepesi. Tukusanye watoto 1,000 wa Kigoma bila kujali kama wanaumwa au la. Wenye vimelea ni 240, na kipimo kitawakamata 216. Wasio navyo ni 760, na kipimo kitawasingizia 38. Waliokutwa na malaria kwa kipimo ni 254, na kati yao 216 wanayo kweli. Hiyo ni 85 katika kila 100.

Tuhamie Dodoma na kipimo kile kile, na tuikadirie kwa wingi, tuseme maambukizi ni asilimia 1 kamili. Katika watoto 1,000, wenye vimelea ni 10, na kipimo kitawakamata 9. Wasio navyo ni 990, na kipimo kitawasingizia kama 50. Waliokutwa na malaria kwa kipimo ni 59, na wenye malaria kweli ni 9. Hiyo ni 15 katika kila 100.

Kipimo hakikubadilika, mtengenezaji ni mmoja, mkono wa muuguzi ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali. Sisemi kwamba kipimo kipuuzwe. Mtoto mwenye homa aliyefika kituoni si sawa na mtoto aliyeokotwa kijijini bila dalili, na mwongozo wa matibabu una sababu zake. Ninachosema ni kwamba daktari anayehudumu Chemba akiona kipimo kimeonesha malaria, atoe dawa na aendelee kutafuta, kwa maana huenda kinachomuumiza mtoto yule bado hakijaonekana. Daktari asiyejua hesabu hii hufunga jalada palepale. Na kama mwaka ni wa sumukuvu, atakuwa amelifunga jalada lisilo lake.

Hapa naomba niseme neno kuhusu lugha. Hesabu niliyoifanya hapo juu nimeifanya kwa Kiswahili cha kawaida, kwa watu na si kwa asilimia: watoto elfu moja, kumi wanaumwa, tisa wamekamatwa, hamsini wamesingiziwa. Mama wa Kwa Mtoro anaweza kuifuata, na diwani anaweza kuifuata. Katika vyuo vyetu hesabu hiyo hiyo hufundishwa kwa Kiingereza, katika sentensi moja ndefu yenye masharti mawili ndani yake, na mwanafunzi hutumia nguvu zake zote kuifungua sentensi kabla hajaigusa hesabu. Kisha tunamtuma kijijini akaielezee jamii hatari ya mahindi yenye ukungu. Ataelezeaje jambo ambalo hajawahi kulifikiri katika lugha ya wale anaowaeleza? Sidai kwamba kesho tufute Kiingereza katika shule za udaktari. Nadai kwamba dakika kumi za majadiliano darasani zifanyike kwa Kiswahili bila mtu kukemewa, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi huanza kubishana, na wakibishana ndipo huelewa.

Sasa nije kwenye njia ya kuuvunja ukimya. Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Swali lenye majibu manne huwekwa ukutani. Kila mwanafunzi hujibu peke yake kwa kibonyezo cha mkononi au kwa simu yake, bila jina lake kuonekana. Baada ya dakika moja hivi matokeo hutokeza ukutani, na darasa zima likajiona: wangapi wamechagua jibu la kwanza, wangapi la pili. Mwalimu hasemi lililo sahihi. Huwaambia wageukiane, kila mmoja amshawishi jirani aliyechagua tofauti naye. Kisha hupiga kura upya, na ndipo mwalimu huanza kufafanua. Utaratibu huu ulipata umaarufu kupitia Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliyeanza kuutumia mwaka 1991 alipogundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa vizuri maswali ya mtihani huku dhana zenyewe hawazielewi.

Wengi wetu tukisikia "teknolojia ya darasani" hufikiria mashine. Mimi nimejifunza kuifikiria kama ruhusa. Kura ya siri humruhusu mwanafunzi kukosea bila kuaibika, na humlazimisha kuchagua kabla hajasikia mkubwa amesema nini. Haya mawili hayapo katika darasa letu la kawaida. Huko, anayenyoosha mkono ni yule mwenye uhakika, na mwalimu akishamsikia yeye hudhani amelisikia darasa. Nimefanya kosa hilo kwa miaka mingi. Nilikuwa nikiuliza "mmeelewa?", nikaitikiwa "ndiyo" kwa sauti moja, nikafuta ubao. Siku ya kwanza nilipoweka swali ukutani na kupigisha kura ya siri juu ya jambo nililokwisha kulifundisha mara mbili, wengi walikuwa wamechagua jibu lisilo sahihi. Nilisimama nikaitazama ile picha ukutani nikiwa na haya, kwa sababu matokeo yale yalikuwa yangu kuliko yao.

Swali lililonifundisha zaidi ni la mahindi, na nalieleza hapa ili mwalimu mwingine alichukue akipenda. Husema: umepangiwa kituo cha afya wilayani Chemba. Ndani ya wiki moja umepokea wagonjwa kumi wenye macho ya njano na matumbo yaliyovimba. Unawauliza wamekula nini. Wote kumi wamekula ugali wa mahindi waliyoyahifadhi nyumbani. Je, mahindi ndiyo chanzo? Jibu la kwanza: ndiyo, kwa kuwa wote kumi wameyala. La pili: hapana. La tatu: huwezi kusema mpaka uwaulize wasiougua. La nne: huwezi kusema mpaka upate wagonjwa wengi zaidi.

Katika kura ya kwanza, la kwanza na la nne ndiyo hupata watu. La kwanza huvutia kwa sababu linafanana na akili ya kawaida. La nne huvutia kwa sababu linafanana na sayansi. Mwanafunzi amefundishwa kwamba sampuli kubwa ni bora, basi anaomba sampuli kubwa. Kisha huanza ubishi. Mara nyingi huamuliwa na mtu mmoja aliyekulia kanda ya kati, akasema kitu kama hiki: "Lakini mwalimu, huku kwetu nani asiyekula ugali?" Hapo utasikia darasa linaguna. Kama kila mtu anakula ugali, basi wagonjwa kumi waliokula ugali hawatuambii lolote, na wagonjwa mia moja hawatuambii lolote la ziada. Wangekuwa pia wamekula nyama ya ng'ombe mmoja aliyechinjwa akiwa mahututi, kijiji kizima kingemlaumu ng'ombe. Atakayetuambia kitu ni jirani ambaye hakuugua. Yeye amekula nini? Mahindi yake yalitoka wapi, aliyakausha wapi, aliyaweka wapi?

Hilo ndilo walilolifanya wachunguzi nchini Kenya mwaka 2004, wakati sumukuvu ilipowaugua watu 317 na kuwaua 125, hasa katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Waliwachukua wagonjwa 40 na kuwalinganisha na watu 80 wasiougua. Mahindi yalikuwa chakula cha pande zote mbili. Tofauti ilionekana kwenye kiasi cha sumu. Katika mahindi ya nyumba za wagonjwa wastani ulikuwa karibu mikrogramu 355 kwa kilo, na katika nyumba za wasiougua ulikuwa karibu 44.

Nikishaziweka namba hizo ukutani, huuliza swali la mwisho: je, wale wasiougua walikuwa salama? Wengi hujibu ndiyo, kwani hawakuugua. Ndipo huwaambia kwamba kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Afrika Mashariki katika mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Jirani mzima alikuwa anakula zaidi ya mara nne ya kiwango hicho. Sumukuvu ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini, na tafiti zinaihusisha na kudumaa kwa watoto. Kwa hiyo kundi la kulinganisha, tulilolichukua litusaidie kumjua mgonjwa, nalo limetuonesha ugonjwa wake. Mlipuko ulionekana kwa sababu watu walikufa kwa pamoja. Wanaokufa mmoja mmoja, miaka ishirini baadaye, hawaitwi mlipuko.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu. Ya kwanza ni fedha. Vibonyezo ni ghali, intaneti hukatika, umeme hukatika, na si kila mwanafunzi ana simu janja. Yote ni kweli. Lakini mwaka 2022 taifa hili lilitumia vishikwambi kuhesabu watu 61,741,120, na baada ya sensa vishikwambi hivyo vikagawiwa kwa walimu. Nchi iliyoweza kupeleka kifaa cha kidijitali mpaka kwenye kaya ya mwisho haiwezi kudai kuwa darasa la madaktari wake liko mbali mno. Na hata umeme ukikosekana kabisa, kadi nne za karatasi za rangi nne zinatosha. Kila mwanafunzi huiinua kadi ya jibu lake kwa wakati mmoja na wenzake, akiwa ameiweka karibu na kifua ili mwalimu aione na jirani asiione kwa urahisi. Siku ambazo projekta imegoma nimefundisha kwa kadi, na mjadala haukupungua. Kinachobeba somo ni swali lililofikiriwa vizuri, na kuandika swali zuri moja hunichukua muda mrefu kuliko kuandaa mhadhara mzima. Huo muda ndio gharama halisi, na hakuna mfadhili atakayetulipia.

Hoja ya pili ni ya wale waliochoshwa na teknolojia, nami nawaunga mkono kwa sehemu. Tumeona vifaa vikizinduliwa kwa utepe na hotuba, kisha vikafungiwa kabatini, funguo akabaki nazo mtu aliyehamishwa. Kura isiyofuatiwa na mjadala ni mchezo wa watoto. Nimewahi kuhudhuria somo ambalo wanafunzi walipiga kura mara kumi na tano ndani ya saa moja, wakacheka sana, na hakuna swali hata moja lililofafanuliwa. Bora mhadhara wa kale uliotulia kuliko hilo.

Hoja ya tatu ni kwamba daktari si mwanatakwimu. Atibu, na takwimu awaachie wenye kazi yao. Hoja hii husemwa na watu wa mjini. Katika wilaya kama Chemba, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Kondoa, mtu wa kwanza kuiona namba isiyo ya kawaida ni mhudumu aliyeketi mbele ya kitabu cha MTUHA akijaza mistari jioni. Mwanatakwimu yuko mbali, na ataipata namba hiyo baada ya wiki kadhaa ikiwa imechanganywa na za vituo vingine. Kama aliye mbele ya kitabu haoni kwamba wagonjwa watatu wa macho ya njano katika wiki moja ni wengi kwa kituo chake, basi hakuna atakayeona kwa wakati.

Ndugu msomaji, utaniuliza mbona jambo la darasani nalileta katika ukurasa wa siasa na jamii. Nalileta kwa sababu katika nchi yetu takwimu ni siasa. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa ikafanya kuwa kosa kutangaza takwimu zenye kubatilisha, kupotosha au kutilia shaka takwimu rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na makali hayo yakapunguzwa. Tulibishana sana juu ya nani ana haki ya kutoa namba, na ulikuwa ubishi wa lazima. Lakini hatukubishana vya kutosha juu ya nani ana uwezo wa kuisoma. Haki ya kuhoji namba ina manufaa gani kwa mtumishi aliyekaa shuleni miaka kumi na minane akifundishwa kunyamaza mbele yake? Mtumishi wa umma anayepokea jedwali kutoka juu na kulipitisha chini bila kuuliza "kati ya wangapi?" hajazuiwa na sheria yoyote. Alizoea hivyo darasani.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanafunzi anayeficha kutoelewa kwake leo ndiye daktari atakayeficha kesho, naye atakapoumbuliwa, hatakuwa ameumbuliwa peke yake.

Napendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, shule za udaktari nchini, na hasa zilizo Dodoma ambako Chemba ni jirani, zitumie takwimu za wilaya zetu katika kufundishia: mlipuko wa 2016, ramani ya malaria, vitabu vya vituo vya afya baada ya kuondolewa majina ya wagonjwa. Pili, angalau theluthi moja ya muda wa somo la takwimu itumike katika maswali ya kupigiwa kura na kujadiliwa, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kama wanafunzi watakavyoona inafaa. Na mtihani nao uulize wanachokielewa badala ya walichokikariri. Tatu, wahadhiri tuwekeane benki ya maswali, ili anayeandika swali zuri Mbeya alitumie pia aliye Mwanza. Kwa hili la tatu hatuhitaji kibali cha mtu.

Kwa wanafunzi ninaowafundisha na wale nisiowajua, nina ombi dogo. Mwalimu wenu akiuliza "mmeelewa?", msiitikie kwa pamoja. Mwombeni aweke swali.

Wapo watakaopangiwa Chemba baada ya mwaka wao wa utarajali. Watakuta mahindi yameanikwa chini baada ya mavuno, mifuko imerundikwa kwenye kona ya nyumba, na kitabu cha wagonjwa mezani. Siku atakapoingia mgonjwa wa tatu mwenye macho ya njano, natamani daktari yule akiwa na kalamu mkononi akumbuke kuuliza habari za jirani ambaye hakuugua.